Baba, Bado Iko Chini: Kujifunza Slaidi ya Bluzi kwa Video

Nilikuwa na miaka 12 ya gitaa la kawaida mikononi nilipovaa slaidi kwa mara ya kwanza, yaani lile bomba fupi la kioo au chuma linalovaliwa kidoleni na kutelezeshwa juu ya nyuzi kupigia bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, na nilijipa wikiendi moja niimalize. Kwenye video mwalimu alikuwa anateleza kutoka freti ya 10 hadi ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) kama mtu anayepangusa meza. Jumamosi nikaketi, simu nimeiegemeza kwenye kikombe, nikaweka slaidi palepale alipoiweka yeye. Nikapiga. Binti yangu alikuwa chumba cha pili na madaftari yake. Akasema kwa sauti kutoka hukohuko, "Baba, iko chini." Alimaanisha noti, haikufika ilipotakiwa.

Nikatazama video, nikatazama mkono wangu. Sawasawa kabisa. Nikapiga tena.

"Baba, bado iko chini."

Yeye hapigi gitaa, anaimba tu. Hakuwa anaona video wala mkono wangu, na ndiye aliyekuwa sahihi. Nilinuna siku mbili. Baadaye nikaanza kuchunguza kwa nini macho yangu yaliniambia niko sawa wakati sikio la mtoto lilisema sivyo, na majibu niliyoyapata ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyotumia video za mafunzo. Bado nazitumia kila wiki. Ila siziamini kila kitu.

Kwa nini macho yanakudanganya

Kwenye gitaa la kawaida unabonyeza uzi nyuma kidogo ya freti, upande wa kichwa cha gitaa, na chuma cha freti ndicho kinachokata urefu wa uzi. Kidole kikirudi nyuma milimita tano, sauti ni ileile. Slaidi haina mlinzi huyo. Slaidi yenyewe ndiyo freti: uzi unaishia pale inapougusa. Kwa hiyo inakaa juu ya chuma kabisa, si nyuma yake. Mkono wenye mazoea ya miaka utaipeleka nyuma bila kukuuliza, na sauti itashuka. Hilo walimu wengi wanalisema.

La pili sijasikia wakilisema. Slaidi imeinuka juu ya ubao wa freti, haijaulalia. Kamera ikiwekwa upande wa tumbo la gitaa ikichungulia shingo, slaidi itaonekana imerudi kidogo kuelekea kichwani hata kama mwalimu ameiweka sawa. Kamera ikiwa upande wa kichwa, itaonekana imepitiliza kuelekea tumboni. Shika kalamu sentimita mbili juu ya mstari wa daftari, funga jicho moja, kisha sogeza kichwa kushoto na kulia: kalamu haijasogea, ila mstari ulio chini yake unabadilika. Mwalimu wangu alikuwa amerekodiwa kutoka upande wa mkono wake wa kulia. Nilichonakili kwa uaminifu mkubwa ni kosa la kamera.

Tumia macho kujua slaidi iko mtaa gani. Nyumba yenyewe itafute kwa sikio.

Gitaa, slaidi, kidole

Hapa sitakaa sana, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza miezi wakitazama video za kulinganisha vyuma na vioo. Kioo kinatoa sauti laini zaidi, chuma na shaba nyeupe au njano zinatoa sauti kali na ndefu. Mpiga gitaa Duane Allman alitumia chupa tupu ya dawa ya mafua, na jina la Kiingereza la mtindo huu, bottleneck, linatokana na shingo ya chupa iliyokatwa. Chagua slaidi inayoingia hadi kwenye kiungo cha katikati cha kidole bila kucheza na bila kubana, kisha usiibadilishe miezi sita.

Kidole gani? Allman aliivaa kwenye kidole cha pete, mwanamuziki Bonnie Raitt anaivaa kwenye cha kati. Mimi naivaa kwenye kidole cha mwisho, kwa sababu vidole vitatu vinabaki huru kubonyeza kodi (za muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja, si za serikali) na kuzima kelele. Kidole cha mwisho ni dhaifu, na wiki mbili za kwanza kitalalamika. Kiache kilalamike.

Gitaa linahitaji nyuzi zilizoinuka. Lile gitaa la zamani unalolichukia kwa sababu nyuzi ziko juu mno na kubonyeza kunaumiza vidole, hilo ndilo. Likiwa la mbao lisilo la umeme, funga nyuzi nene, wa kwanza, yaani mwembamba kuliko wote, ukiwa na unene wa inchi 0.013 au karibu na hapo. Nyuzi nyembamba zikiwa chini zitagonga freti kila ukigusa, na utadhani tatizo ni wewe.

Tyuni moja, si tano

Slaidi ni fimbo iliyonyooka. Haiwezi kukunja kodi kama vidole. Ndiyo maana wapigaji wengi hutyuni gitaa (hupanga sauti za nyuzi) ili nyuzi zikiwa wazi, bila kubonyezwa, zitoe kodi kamili, ili slaidi ikivuka shingo kwenye freti yoyote ipate kodi nyingine kamili. Video nyingi zinataja D ya wazi, G ya wazi, E ya wazi na A ya wazi, na mwalimu mmoja anaweza kuzipitia zote kwa wiki moja. Usimfuate. Kaa kwenye moja.

Mimi nilichagua D ya wazi. Ukihesabu kutoka uzi mnene: D-A-D-F#-A-D. Kutoka tyuni ya kawaida, uzi wa 6, ule mnene zaidi, unaushusha toni moja (freti mbili), wa 1 toni moja, wa 2 toni moja, na wa 3 nusu toni. Uzi wa 4 na wa 5 huzigusi. Faida yake ni kwamba kila kitu kinashuka, hakuna uzi unaovutwa zaidi. E ya wazi ina umbo lilelile, ila nyuzi tatu zinapandishwa, na gitaa la mbao lenye nyuzi nene halitakushukuru. Ukitaka E, baki kwenye D ufunge kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) freti ya 2.

Programu ya kutyuni kwenye simu itakuambia uko sawa. Hakikisha mwenyewe: uzi wa 6 ukibonyezwa freti ya 7 ulingane na wa 5 ulio wazi, wa 5 freti ya 5 ulingane na wa 4, wa 4 freti ya 4 ulingane na wa 3, wa 3 freti ya 3 ulingane na wa 2, wa 2 freti ya 5 ulingane na wa 1. Baada ya hapo piga nyuzi zote pamoja usikilize uzi wa 3. Utasikia kodi ina mtetemo fulani, kama inachemka. Ushushe uzi huo kidogo sana mpaka kuchemka kutulie. Tofauti kati ya F# ya programu na ile inayokaa safi ndani ya kodi ya D ni takriban senti 14, senti moja ikiwa sehemu ya mia ya nusu toni. Programu itaonyesha umekosea. Sikio litafurahi.

Kabla ya kufuata video yoyote, tafuta sekunde ambapo mwalimu anapiga nyuzi wazi, ulinganishe na zako. Niliwahi kununua masomo ambayo namba zilizoandikwa zilikuwa za tyuni moja na mwalimu alikuwa anapiga nyingine. Siku nne nilijiona sina kipaji.

Mwezi wa kwanza: uzi mmoja

Video zimefungwa, simu iko mbali. Gusa uzi wa 1 kwa ncha ya kidole juu ya chuma cha freti ya 12 bila kubonyeza, upige, uondoe kidole. Unapata ile sauti ya kengele, na hiyo ndiyo D kamili ya freti ya 12. Sasa weka slaidi palepale upige. Linganisha. Sogeza. Linganisha tena. Kengele haina kamera wala mwalimu, na haibembelezi mtu.

Ukishaipata ya 12, nenda freti ya 7 na ya 5. Hapo bonyeza kwanza kwa kidole cha kawaida, sikiliza, iimbe, kisha ifuate kwa slaidi ukiwa umefumba macho. Kuiimba ni lazima. Nilikuwa naruka hatua hiyo kwa aibu, na ndiyo niliyokuwa naihitaji kuliko zote.

Kuhusu uzito: slaidi inalala juu ya uzi, haiubonyezi. Ukisikia "tak" ya chuma kugonga freti, umekandamiza. Ukisikia mkwaruzo wa nyuki, umeilegeza mno au umeiinamisha. Iwe sambamba na freti, si mshazari. Kidole gumba kiguse nyuma ya shingo kwa wepesi, kazi yake ni kukuambia mkono uko wapi.

Na usipige vibrato, ule mtikisiko wa slaidi unaoiyumbisha noti, mwezi huo. Najua, ndiyo tamu yenyewe, ndiyo iliyokufanya ununue slaidi. Lakini mkono unaotikisika unafunika kosa la sauti, na utajifunza kufunika kabla ya kujifunza kulenga.

Sehemu ambayo kamera haioni

Kama ningeruhusiwa kumfundisha mtu jambo moja tu la slaidi, lingekuwa kuzima. Slaidi inagusa nyuzi kadhaa kwa pamoja, na kila moja inataka kusema. Isitoshe, kipande cha uzi kilicho nyuma ya slaidi, upande wa kichwa, nacho kinatetemeka na kutoa mluzi wake usio na maana. Bila kuzima, hata noti iliyolengwa vizuri inasikika kama sufuria zinazoanguka.

Mkono wa kushoto: vidole vilivyo nyuma ya slaidi vilaze juu ya nyuzi, laini kabisa, vikisafiri pamoja nayo kila inapokwenda. Kama umeivaa kwenye kidole cha mwisho, una vitatu vya kazi hiyo, na kimoja kinatosha.

Mkono wa kulia ndio wenye siri. Weka kidole gumba kwenye uzi wa 3, cha shahada kwenye wa 2, cha kati kwenye wa 1. Vyote vimetulia juu ya nyuzi. Ukitaka uzi wa 1, kidole cha kati kinavuta na kuachia, vingine vinabaki vimelala. Ukitaka wa 2, cha kati kinarudi kulala kabla cha shahada hakijavuta. Kumbe kupiga noti moja ni kunyamazisha mbili. Mazoezi yangu yalikuwa haya: noti nne za polepole kwenye uzi wa 1, nne kwenye wa 2, kisha ninasimama ghafla. Baada ya kusimama kuwe na ukimya, usiwepo hata mvumo. Ilinichukua karibu miezi miwili kupata ukimya huo, na hakuna mtu atakayekupigia makofi kwa ajili yake.

Kwenye video kuzima hakuonekani kwa sababu ni vidole visivyofanya kitu. Jicho linakimbilia kile kinachosogea. Kwa hiyo nilijipangia utaratibu wa kutazama, na ndio ninaoutumia hadi leo kwa kila somo.

Mara ya kwanza naigeuza simu kifudifudi. Nasikiliza kipande cha sekunde 10 tu, mara nyingi, mpaka naweza kukiimba kizima pamoja na mitelezo yake. Siruhusiwi kuona chochote kabla sijaweza kukiimba.

Mara ya pili nazima sauti. Natazama mkono wa kulia peke yake, na swali ni moja: vidole ambavyo havipigi viko wapi? Kisha narudia kwa mkono wa kushoto, nikitazama vile vilivyo nyuma ya slaidi. Kwenye YouTube, ukiwa kwa kompyuta, simamisha video kisha bonyeza kitufe cha nukta kusogea picha moja mbele au cha mkato kurudi moja nyuma. Hapo utaona kidole kikirudi kwenye uzi sehemu ya sekunde kabla kingine hakijavuta. Ukikiona hicho mara moja, utakuwa umepata thamani ya somo zima.

Mara ya tatu ndipo naweka sauti na picha pamoja, kasi 0.75. Sipendi 0.5 kwa sauti, kwa sababu mitelezo inageuka uji. Lakini 0.5 inafaa kwa kuhesabu vibrato, baada ya mwezi ule wa marufuku. Utaona kwamba wapigaji wazuri kwanza wanafika kwenye noti, wanakaa kidogo, ndipo mkono unaanza kuyumba pande zote mbili za freti kwa upana ulio sawa, mwendo ukitoka kwenye kiwiko na kiganja, si kwenye kidole.

Bluzi yenyewe

Ndani ya D ya wazi, nyuzi wazi ni kodi ya D, freti ya 5 ni G, ya 7 ni A, na ya 12 ni D tena. Mzunguko wa mizani 12 (mizani moja ni mapigo manne) unakaa humo wote: mizani minne ya D, miwili ya G, miwili ya D, mmoja wa A, mmoja wa G, miwili ya D. Lile shambulizi la kodi nzima freti ya 12 linalogongwa tatu-tatu, ambalo mpiga bluzi Elmore James alilirekodi mwaka 1951 na ambalo kila mwalimu analifundisha somo la kwanza, liko kwenye tyuni hii. Jifunze, ni raha. Usiishie hapo, maana linasamehe sana: kelele nyingi zinaficha mengi.

Palipo pagumu ni uzi wa 1 kati ya freti ya 3 na ya 4. Freti ya 3 ni F, freti ya 4 ni F#. Bluzi haikai kwenye yoyote kati ya hizo. Inaanzia kwenye F, inapanda kidogo kuelekea F#, na kukwama njiani kama mtu aliyeanza kusema jambo akaghairi. Namba za freti zinazopita chini ya skrini zitakuandikia "3", wakati mwingine na kishale kidogo juu yake, na ukiweka slaidi kwenye 3 iliyonyooka utasikika kama mtu anayesoma barua ya mapenzi ya mwingine. Piga uzi wa 6 wazi kwa kidole gumba, sawasawa, pigo kwa pigo, usikome. Juu yake tafuta sehemu hiyo kwenye uzi wa 1. Ule uzi mnene ni mwalimu wako sasa: unakuambia nyumbani ni wapi, na wewe unapima umbali.

Ninaporudi kusikiliza wa zamani, narudi kwa Blind Willie Johnson. Wimbo wake wa mwaka 1927 kuhusu usiku wa giza na ardhi ya baridi hauna maneno, ni mgumio wa sauti yake na slaidi zikifuatana, na umo kwenye rekodi ya dhahabu iliyotumwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Uchukue mstari mmoja. Gumia naye. Kisha gumia peke yako. Kisha uutafute kwenye uzi wa 1. Utagundua slaidi haitelezi muda wote. Inateleza pale ambapo sauti ya mtu ingeteleza, na kwingine inatua moja kwa moja. Wanafunzi wa video, nami nikiwemo, tunateleza kwenda kila noti kwa sababu tumelipia slaidi.

W. C. Handy alisimulia kwamba karibu mwaka 1903, kwenye kituo cha treni cha Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akibonyeza kisu kwenye nyuzi za gitaa huku akiimba mstari uleule mara tatu. Handy alikuwa mwanamuziki aliyesomea noti, na kisu kile hakikumtoka akilini. Huwa namkumbuka mpigaji yule ninapojikuta natafuta video ya tano kuhusu aina ya vioo.

Uchaguzi wa mwalimu una vipimo vichache. Anataja tyuni mwanzoni. Anapiga kipande kizima polepole bila kuongea juu yake. Mikono yote miwili inaonekana kwa karibu. Na akimaliza mstari, gitaa lake linanyamaza kweli. Hiki cha mwisho ndicho ninachokitazama kwanza siku hizi. Nikimpata, nakaa na somo lake moja wiki mbili, dakika 20 kwa siku, hata kama orodha yangu ya video nilizohifadhi ina mengine sitini yanayonisubiri. Kila Ijumaa najirekodi kwa sauti tu, bila picha, nasikiliza Jumamosi asubuhi. Usiku uleule sikio bado linakupendelea.

Ukiona D imekuingia, G ya wazi haitakuwa ngeni. Kutoka tyuni ya kawaida, nyuzi za 6, 5 na 1 zinashushwa toni moja, nyingine zinabaki: D-G-D-G-B-D. Mpangilio uliokuwa unaanzia uzi wa 6 kwenye D sasa unaanzia uzi wa 5, kwa hiyo kila ulichokijua kwenye nyuzi za 6 hadi 2 kisogeze uzi mmoja. Kitakachokusumbua ni uzi wa 1. Bado ni D, bado una sauti ileile uliyoizoea, lakini G ndiyo nyumbani sasa, nayo kwenye uzi huo iko freti ya 5. Anza upya na kidole, iimbe, kisha fumba macho.